Mwaka Tuliofanya Kazi Bila Mshahara

Tulimzika Elia hapa Tabora katikati ya mvua, na kwa kuwa katika rika letu nimebaki peke yangu nilipewa nafasi ya kusema maneno machache. Watu wanampenda mzee aliyebaki. Wanamkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, wanampa kipaza sauti asichojua kukishika, kisha wanamwombea asizidi dakika tano. Nikasimulia jinsi marehemu alivyougua kichefuchefu kwenye meli ya kutoka Kigoma kwenda Albertville, akamtapikia mchungaji yuleyule aliyekuwa akituombea tusitapike. Watu wakacheka, mjane naye akacheka, nikarudi kitini nikijiona nimemaliza kazi. Wakati wa chai mjukuu wake mmoja, binti mwembamba mwenye macho ya Elia mtupu, akaja kuchuchumaa karibu yangu. "Babu, ni kweli kule Kongo walitaka kumuua?" Nikamwambia anywe chai, itapoa. Haikuwa adabu kumjibu hivyo, lakini mzee akiulizwa swali kubwa huku ana andazi mdomoni, afanyeje? Jibu lenyewe ndilo hili. Atalisoma akitaka.

Habari za ukoo wetu nawaachia wenye ukoo. Inatosha kusema kwamba mimi na Elia tulimaliza masomo ya sekondari kwa wamisionari, kazi hatujapata, na kanisa likatangaza kwamba linatafuta vijana wa kwenda kujitolea mwaka mmoja kwenye shamba la kanisa ndugu, nje kidogo ya mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Elia alikubali kwa sababu ya Injili. Mimi nilikubali kwa sababu mtangazaji alisema shamba lina jiko la matofali lenye tanuri. Tangu utoto nilikuwa mtu wa ndani. Wenzangu walikwenda kuwinda ndege, mimi nikabaki kuchambua mchele na kusikiliza wakubwa wakisengenyana. Kwenda ng'ambo ya ziwa lilikuwa jambo la kutisha kwangu, lakini nilijiambia kwamba jikoni ni jikoni tu, hata Kongo. Elia aliniita Bibi Harusi njia nzima.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa safu ya vyumba vilivyopakwa chokaa. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, ndoano moja ya kutundika nguo, na dirisha lililotazama mazizi ya nguruwe, kana kwamba aliyejenga aliona tusikose burudani. Upepo ukigeuka ulileta moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, na siku hizo chakula chote kilikuwa na ladha ya sarafu. Hata miti ya upande ule ilikuwa imekauka, imesimama bila majani katikati ya masika, na jioni ya kwanza nilimwuliza Elia kama ana hakika hapa ndipo Mungu alipotuita. Akasema ana hakika. Alikuwa na hakika ya mambo mengi, Elia. Saa ile alikuwa anapanga viatu vyake chini ya kitanda, pua za viatu zikitazama nje, tayari kwa kazi ya kesho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mimi jikoni, pamoja na bustani ya mboga. Elia kila mahali. Nguruwe walikuwa chini ya Mzee Kalala, mtu wa Mitwaba, mkimya, aliyeajiriwa hapo kwa mshahara. Kila siku alasiri aliwasha moto chini ya mapipa mawili makubwa, akachemsha maganda, pumba na mabaki, akakoroga kwa mti mrefu kama mchi, na mvuke wake ulionekana mpaka barabarani. Juu yetu sote alikuwepo Bwana Mwangalizi, Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, mwema kwa kweli, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukizungumza kama anayesoma amri za jeshi. Mvua zilipoanza kupungua alileta fikra mpya kutoka kwao: tutachimba mashimo ya kuhifadhi majani, tuyashindilie humo, tuyafunike kwa udongo, na wakati wa kiangazi ng'ombe watakula. Elia akachimba. Alichimba kwa furaha, akiimba tenzi, mashimo marefu yenye kuta zilizonyooka, na kila aliyepita barabarani kwenda Kamalondo, mtaa wa Waafrika mjini, alipunguza mwendo, akatazama, kisha akaongeza mwendo.

Sikujua wanachokiona. Nilikuja kukijua kwa njia yangu ya siku zote, yaani kwa kusikiliza dirishani. Asubuhi wanawake wa soko la Kamalondo walikuja kununua mboga za jumla, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko wakisubiri nipime mafungu. Mkubwa wao alikuwa Mama Numbi, mjane mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, ambaye hakuwahi kununua fungu la lengalenga, mchicha wa kule, bila kulitukana kwanza. Alikuwa na desturi ya kumhoji Elia kila anapopita na jembe.

"Weye muntu ya Tanganyika, banakulipaka ngapi ku mwezi?"

"Hatulipwi, mama. Tumejitolea."

"Habakulipe hata kiloko?"

"Hata kidogo."

"Sasa munapata nini?"

"Thawabu," alisema Elia, na akaenda zake kuchimba.

Nje ya dirisha langu wanawake wakasogeza vichwa karibu. Kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Nilisikiaka vile vile. Bale habalipwe na mali." Mwingine akasema, "Hakuna muntu anatumika bure. Anavuka ziwa, anaacha mama yake, juu ya kulisha nguruwe ya muzungu? Bure?" Na Mama Numbi akamaliza, bila kucheka: "Mashimo ile haiko ya majani."

Nilimwuliza Mzee Kalala. Alikoroga kwanza, kisha akanieleza, bila kunitazama, habari ya batumbula. Mutumbula ni mtu mweusi anayetumwa na Wazungu. Anakuja jua likizama, anakuja kwa nyuma, mkononi ana kipande cha mpira. Akikugusa nao unasahau jina lako. Anakupeleka shimoni, huko unalishwa vizuri, sukari, mafuta, nyama, unanenepa, unaota manyoya, unaanza kukwaruza chini kwa pua, na siku ya sikukuu Wazungu wanakula. Nikacheka. Nilikuwa nimesoma, nilidhani kucheka ndiyo elimu. "Mzee, na wewe unaamini?" Akageuza uso kuelekea zizini, akawatazama nguruwe wake mmoja mmoja. "Mi nabapikia," alisema. "Kuamini haiko kazi yangu. Lakini mwambie mwenzako aache kuimba mule mu shimo. Sauti ya muntu kutoka mu udongo haiko muzuri."

Nilimwambia Elia jioni ile. Aliona ni utani wangu mpya. Na hapo nakiri nilichoka na nafsi yangu kidogo, maana mtu akishazoea kukuona unatania, hata ukimwambia nyumba inaungua atakusifu kwa uigizaji. Wiki zile kulikuwa na watu waliopotea kweli mjini. Fundi wa reli alikuwa hajarudi kwake. Binti mmoja alitumwa maji asirudi. Pengine fundi alikwenda zake kutafuta kazi kwingine, pengine binti alikuwa na mchumba. Hakuna aliyetaka habari za pengine. Barabara iliyopita mbele ya shamba ikaanza kuwa tupu kabla ya jua kushuka, na waliopita walipita kwa makundi, upande wa pili, kimya.

Alhamisi moja mvua ya mwisho wa msimu ikanyesha mchana kutwa. Mama Numbi alikuwa ameshanunua lengalenga zake na kuzilipia, lakini hakuweza kuondoka. Wenzake walikimbia mapema, yeye akabaki jikoni kwangu akikausha kitambaa cha kichwa karibu na tanuri. Sasa, kwetu Unyamwezi mgeni akikutwa na saa ya chakula anakula, na hana ruhusa ya kukataa. Nikasonga ugali, ambao kule wanauita bukari, nikaweka na nyama ya nguruwe iliyobaki mchana, nikaongeza tena alipopunguza.

"Iko nyama ya nini?" aliuliza.

"Ya nguruwe, mama."

"Nguruwe gani?"

"Wa hapa hapa. Kula, mama, umekonda, tukunenepeshe."

Nilisema hivyo kama anavyosema kila mpishi wa kwetu kwa kila mgeni. Niliona mkono wake umesimama juu ya bakuli. Akala matonge mawili zaidi, kwa adabu, akanawa. Mvua ilikuwa imekatika na jua linaelekea kuzama. Akasimama ghafla, "Minaenda," na Elia, aliyekuwa ameingia kuota moto, akasimama naye.

Sina budi kueleza desturi nyingine ya kwetu, maana kila kitu kilianzia hapo. Mgeni hafunguliwi mlango akaachwa. Anasindikizwa. Kama ni mzee au mwanamke aliyebeba mzigo, kijana wa nyumba anamchukulia mzigo, anatembea nyuma yake, tena nyuma kabisa, ili mgeni asipate hatari mgongoni, na anakwenda naye mpaka pale mgeni mwenyewe atakaposema rudi. Kurudi kabla hujaambiwa ni kumfukuza. Elia alikuwa amelelewa vizuri mno. Kitunga cha Mama Numbi kilikuwa kizito kwa maji ya mvua, basi akakifunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akakitwika begani, na ncha ya mpira iliyobaki akaishika mkononi isining'inie. Mama akasema, "Hapana, acha, nitabeba." Elia akasema, "Haiwezekani, mama." Wakatoka. Niliwaona kwenye ile njia ya miti iliyokauka, mama mbele akitembea upesi, Elia nyuma akirefusha hatua asiachwe.

Alirudi kabla sijamaliza kuosha vyombo, amebeba kitunga. "Amekimbia," alisema, ameshangaa kabisa. "Nimemwita, akazidi kukimbia. Nadhani amekumbuka jambo." Akazitoa lengalenga moja moja, akaziweka kwenye ndoo ya maji ili zisinyauke. Ijumaa Mama Numbi hakuja kununua mboga. Jumamosi hakuja. Jumapili chumba chake cha Kamalondo kilikutwa kimefungwa, na kulikuwa na watu waliomwona mara ya mwisho, Alhamisi, jua likizama, yuko mbele, na nyuma yake yule mtu wa shamba ambaye halipwi.

Wiki iliyofuata hakuna mwanamke aliyekuja kununua mboga. Kabichi zikapasuka bustanini. Elia kila asubuhi alibadilisha maji ya ndoo, nami nikamwambia hizo lengalenga tuzipike, akasema si zetu, zimeshalipiwa. Jumanne akaenda Kamalondo kuchukua unga, kama desturi yake. Mtaa wa mafundi cherehani ulinyamaza alipoingia, cherehani moja baada ya nyingine, mpaka akasikia viatu vyake mwenyewe. Kisha mwanamke mmoja akapiga kelele "Njo yee!", yaani ndiye huyo, na wakamwangukia. Aliyemwokoa alikuwa fundi mmoja Mwislamu, mtu wa Maniema, aliyemvuta ndani ya duka lake na kukaa mlangoni na pasi ya makaa mkononi. Bwana Mwangalizi alikwenda na lori kumchukua. Alimrudisha jicho moja limefunga na sikio limechanika, na Elia alipoketi kwenye kiti changu cha jikoni neno lake la kwanza lilikuwa, "Unga nimeuacha."

Bwana Mwangalizi alikasirika kwa haki, na kwa haki yake akatuharibia. Akaita polisi. Askari wakaja, wakapita Kamalondo, wakawapiga watu viboko, wakamfunga kijana wa watu, halafu wakasimama kwenye lango letu na bunduki. Sasa kila mtu alikuwa amepata ushahidi: huyu analindwa na Wazungu. Tukamwomba Bwana aturudishe kwetu. Akasema, "Hofu ni adui wa imani. Mtabaki. Kazi itaendelea." Kazi ikaendelea. Nilipika, na kwa mara ya kwanza maishani nilipika huku nikiinua kichwa kila mara kuutazama mlango, kama kuku anayenywa maji.

Ni Mzee Kalala aliyetuambia. Alikuja mlangoni pa jiko, akakataa kuingia, akasema akitazama miguu yake: "Jumapili, misa ikiisha. Batakuya. Askari bale banapewa kazi kwingine Jumapili, na bantu banajua." Nikamwuliza watakuja kusema nini. "Habakuye kusema." Kisha akaongeza kwamba Mama Numbi ana yaya yake, dada mkubwa, Kambove, mume wake anatumika mgodini. Kama Mama Numbi yuko hai, yuko huko. Hakuna mtu wa mjini atakayekwenda kumtafuta, maana wameshamlilia. Elia akitoka langoni hafiki stesheni. Akamaliza hapo, na wote wawili wakanitazama mimi.

Nimewahi kusafiri maishani mwangu safari chache mno, na zote kwa kulazimishwa, lakini ile ya Kambove sijaisahau hata kituo kimoja. Bwana aliniandikia karatasi ya ruhusa akidhani nakwenda kununua mbegu. Nilikaa kwenye behewa limejaa watu, nimebana magoti, na kila aliponiuliza mtu natoka wapi nilijibu, "Huku." Mtu mmoja alikuwa akiwasimulia wenzake habari za mutumbula wa Tanganyika, jinsi alivyo na meno yaliyochongwa na jinsi anavyoongea na nguruwe, na mimi nikatikisa kichwa pamoja na wengine. Niliogopa hata kufungua andazi langu, wasije wakaona ninavyolishwa vizuri.

Nyumba ya yaya ilikuwa kwenye safu ya nyumba za wachimbaji, vyumba viwili vya matofali na jiko dogo la nje lililoezekwa bati. Niliwakuta jikoni, dada wawili, wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Mama Numbi aliponiona aliacha mchi ukaanguka, akaingia nyuma ya dada yake.

"Yaya! Njo bale! Banafika mpaka hapa!"

Ndipo nilipoelewa, nikakaa chini bila kukaribishwa. Nilikuwa nimekuja kumchukua shahidi wa kumwokoa Elia, na shahidi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkimbia. Hakuna aliyekuwa amempoteza. Alikwenda mwenyewe, alfajiri ya Ijumaa, kwa treni, bila kuaga mtu, ili mutumbula asisikie anakokwenda.

"Mama, watamuua keshokutwa," nilisema.

"Baue."

"Hajakufanyia kitu."

"Weye ulisema mutaninenepesha! Na yee akanifwata na mupira! Mi namwambia acha, yee anakuya. Natembea mbio, yee mbio!"

Nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili chote nilichosomea, habari ya mgeni, mzigo, kijana kutembea nyuma, na kwamba asingeweza kurudi mpaka aambiwe. Yaya, mwanamke mpana aliyevaa kitenge kimoja na kujifunika kingine, alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota mchi.

"Kwenu mugeni banamufwata nyuma mu giza, na mupira?"

"Ndiyo, mama. Yaani, mpira ulikuwa wa kufungia."

"Sasa adui banamufanyaka nini?"

Akacheka yeye, nikacheka mimi, lakini Mama Numbi hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu. Aliuliza kitunga chake kiko wapi. Nikamwambia kiko jikoni, na lengalenga zilikuwa kwenye ndoo, Elia alizibadilishia maji kila asubuhi, hata jicho likiwa limefunga, mpaka zikaoza, na hakutaka tuzipike kwa sababu ni za Mama Numbi. "Juu ya lengalenga?" alisema. "Ya franka moja?" Akamgeukia dada yake, na kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kitu alichokiamini sana, akasema, "Yaya, ule haiko mutumbula. Ule iko mujinga."

Hakukubali kusafiri na mimi peke yangu, na simlaumu. Shemeji yake alikuja naye, mtu wa mgodini mwenye kifua kama kabati, na katika behewa alikaa katikati yetu njia nzima. Yaya alinifungashia sombe kwenye jani. Nilipoila, abiria aliye mbele yangu alihesabu matonge, niliona.

Jumapili walikuja kama Mzee Kalala alivyosema, na lango lilikuwa halina askari. Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Walikuja wamevaa nguo za misa, wanaume wa reli, mafundi, wanawake wa soko langu wale wale, baadhi na fimbo, baadhi na mikono mitupu, na wakasimama uwanjani kati ya jiko na mazizi. Bwana Mwangalizi alitoka barazani akaanza kusoma amri zake, hakuna aliyegeuka. Elia alikuwa amesimama mbele ya jiko, jicho linaanza kufunguka, amevaa shati safi. Alikuwa amekataa kujificha. Mbele yao alikuwa mtu wa makamo wa reli, Papa Donatien, baba wa yule binti aliyetumwa maji.

Nikamtoa Mama Numbi jikoni. Niliposikia pumzi ya watu wale wote ikivutwa kwa pamoja nilidhani tumeshinda.

"Ni weye kweli?" aliuliza Papa Donatien. "Jina yako nani?"

"Weye Donatien, unanidai sabuni na unaniuliza jina?"

Mtu akacheka nyuma. Wakamzunguka, wakamshika mikono, wakamtazama meno, mwanamke mmoja akamfunua kisigino kuangalia kama kimeota kwato. Mama Numbi akawaeleza kwa sauti yake ya sokoni, akamwigiza Elia akirefusha hatua na kitunga begani, akaniigiza mimi nikisonga bukari na kusema kula mama, na uwanja mzima ukacheka, wanawake wakajipiga mapajani. "Mutumbula gani anabebaka kitunga ya mwanamuke?" alisema. "Huyu mama yake alimufundisha mubaya, njo ile tu." Elia akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo ulioweza. Nikamwona Bwana Mwangalizi akitabasamu pia bila kuelewa neno. Kwa muda mfupi sana mwaka ule wote ulikuwa hadithi nzuri ya kusimulia nyumbani.

Papa Donatien hakucheka. Alisubiri mpaka waliocheka wakaona kwamba hacheki.

"Muzuri," alisema. "Haiko huyu. Mutoto yangu iko wapi?"

Akageuka kuwatazama wenzake. "Ule fundi ya reli iko wapi? Kama haiko huyu, iko nani?" Na nikaona macho yakianza kutembea. Yalipita juu ya Elia bila kusimama, yakanipita mimi, yakaenda kwenye mashimo, yakarudi, yakaenda kwenye mvuke. Mzee Kalala alikuwa kwenye mapipa yake kama kila siku. Nguruwe hawajui Jumapili. Alikuwa ameacha kukoroga.

"Aba ni bageni," alisema mtu kutoka kati, polepole, kama anayepiga hesabu. "Bageni habajue kitu. Lakini ule? Ule anatumika hapa miaka yote. Ule njo anapikaka."

Elia akasema, "Hapana, yeye ndiye aliyetuambia—" nikamshika shati. Maana nilimwona Mzee Kalala akitikisa kichwa, kidogo sana, kutukataza. Aliegemeza mti wake kwenye pipa, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akazunguka zizi kama mtu anayekwenda kuchota maji. Hawakumkimbilia. Walimtazama anapita njia ipi, na baadaye kidogo wanaume kadhaa, si wengi, wakajitenga na wenzao wakashika njia ile ile, bila haraka, wakizungumza. Mama Numbi alikuwa bado anashikwa mikono na kupongezwa.

Mzee Kalala hatukumwona tena. Bwana Mwangalizi aliandika kwamba ameacha kazi bila kuaga, na huenda ni kweli, huenda alifika Mitwaba akazeeka huko akicheka habari zetu. Kwa miaka yote iliyofuata Elia aliniuliza mara nyingi kama nadhani alifika, nami kila mara nilimjibu kwamba alifika, na kila mara alinishukuru kwa kusema hivyo, bila kuniamini.

Lakini mjukuu wake aliniuliza kama walitaka kumuua, na bado sijamjibu yote. Uwanja ulikuwa umeanza kupungua watu. Moto ulikuwa bado unawaka chini ya mapipa na nguruwe walikuwa wameanza kulia kwa njaa, kile kilio chao kinachofanana na cha watu kuliko inavyofaa. Elia akatembea mpaka pale. Akauchukua mti wa Kalala, akaanza kukoroga, shati lake jeupe katikati ya mvuke, na barabarani watu waliokuwa wanarudi makwao wakasimama, mmoja, kisha wawili, kisha wote, wakageuka kumtazama.

"Elia," nilimwita kutoka mlangoni. "Toka hapo. Wanakuangalia."

"Wana njaa, Zakaria."

Mlango wa jiko ulikuwa mkononi mwangu. Nikauacha, nikatoka uwanjani mbele ya macho yale, nikamwekea kuni.